Wewe Nchi Kavu, Mimi Majini

Lorna Kemppainen aliiona chumvi Jumatatu asubuhi, akishuka ngazi za chumba cha chini ya nyumba na kapu la nguo chafu. Ilikuwa kwenye kidato cha tatu kutoka chini, nyeupe, imetanda kwa upana wa unyayo wa mtu mzima, na ubao ulioizunguka ulikuwa umelowa. Lorna si mwanamke wa kukisia. Aliweka kapu chini, akachovya kidole, akaonja. Chumvi kweli.

"Rodney! Nani kamwaga chumvi kwenye ngazi?"

"Chumvi hutambaa, mke wangu," mumewe alijibu kutoka nyuma ya ukuta alioujenga nusu. "Maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi. Chumvi inavuta unyevu, unyevu ukikauka unaacha chumvi tena, basi inasogea yenyewe. Kila mwenye tangi la samaki wa bahari anajua."

"Tangi liko kule. Ngazi ziko huku."

"Ndiyo maana ikaitwa kutambaa."

Mimi nilikaa jirani yao miaka kumi na tisa, na nikiulizwa balaa lilianzia wapi, nasema lilianzia hapo, kwenye lile jibu. Kufuga matumbawe ni kazi yenye jibu kwa kila jambo la ajabu. Harufu mbaya ina jibu lake, kelele zina jibu lake, na mtu akishazoea kujibiwa hivyo huacha kuogopa hata pale anapopaswa kuogopa.

Hapa kwetu Hancock, bahari iliyo karibu ni safari ya siku mbili kwa gari. Tuna ziwa, tuna theluji, na chini ya miguu yetu tuna mashimo ya shaba yaliyofungwa zamani. Rodney ni fundi umeme, mtu wa mikono mizuri na maneno mengi. Baba yake, mzee Reino, alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na madaktari walisema hawezi tena kuishi peke yake. Angehamia kwa mwanawe tarehe moja Machi. Kwa hiyo Rodney alikuwa anamalizia chumba cha chini ya nyumba: jipsamu ukutani, zulia sakafuni, choo, na sauna ya zamani, kile chumba cha kuogea mvuke, kuzibwa nyufa. Katikati ya ukuta unaotazamana na kitanda aliweka tangi la kioo la galoni mia tatu, lenye matumbawe na samaki wa njano.

Watu walimcheka. Mtu anajenga chumba cha mgonjwa kwanza au anajenga bahari? Lakini mimi nilimwelewa siku aliponiambia, "Baba alichimba shaba gizani miaka kumi na tano. Kama namrudisha chini ya ardhi, angalau awe na kitu cha kutazama." Aliposema hivyo machozi yalimlengalenga, akajifanya vumbi la jipsamu limemwingia.

Mawe yalikuja kwa ndege, yamefungwa magazeti yaliyolowa. Wenyewe huyaita mawe hai, kwa sababu yametoka baharini na viumbe vyake. Nusu ya viumbe hivyo hufia njiani, kwa hiyo nyumba ilinuka kama pwani maji yakipwa. "Mawe yanatulia," Rodney alisema. Kisha kukaanza kugongwa kioo kwa ndani, mara mbili, kimya, mara mbili tena. "Ni kamba mwenye ngumi. Huja amejificha kwenye mawe." Maji yakawa yanapungua kila siku ndoo mbili badala ya moja. "Hewa ya majira ya baridi ni kavu, Lorna. Acha wasiwasi."

Jumanne chumvi ilikuwa kidato cha nne. Jumatano, cha sita. Cha tatu, ambacho Lorna alikifuta kwa siki, kilikuwa kikavu na safi, na cha nne vilevile, ingawa hakuna aliyekifuta. Kilichokuwa kikipanda hakikuacha njia nyuma yake.

Jumatano hiyo hiyo alishuka kumpelekea kahawa. Ilikuwa saa nane mchana, lakini theluji ilikuwa imefukia madirisha madogo ya juu, na taa za tangi zilikuwa zimekipaka chumba chote rangi ya bluu. Rodney alikuwa juu ya kiti akipanga mawe. Kabla ya kuingiza mkono majini alinong'ona kitu, na kila alipouingiza tena alinong'ona tena.

"Unaomba dua?" Lorna aliuliza.

Rodney akacheka. "Ah, mambo ya utotoni. Bibi yetu alitufundisha ziwani. Si unajua wazee waliotoka Ufini walivyokuwa, waliamini kila maji yana jini lake, Nakki, linavuta watoto miguu. Basi kabla hujaingia unaliambia: wewe nchi kavu, mimi majini. Linatoka, linakupisha, unaoga zako."

"Na hapa liko wapi, kwenye pampu?"

"Kazi ni kazi, mama. Nikiacha kusema naona kama nimesahau kuvaa kofia."

Walicheka wote wawili. Lorna aliniambia baadaye kwamba hicho ndicho kicheko chao cha mwisho pamoja, na kwamba anajilaumu kwa kukifurahia.

Alhamisi alirudi nyumbani kula chakula cha mchana, kama kawaida yake, maana kliniki ya meno anakofanya kazi ya mapokezi iko mitaa minne tu. Rodney alikuwa amekaa jikoni, amempa mgongo, anakula mkate wa iliki bila kahawa.

"Umemaliza kupaka rangi?"

"Mm."

"Baba kapiga simu. Anauliza kitanda kimefika?"

"Mm."

"Rodney, nywele zinachuruzika maji. Unatafuta homa?"

Aliacha kutafuna. Ndipo sauti ikaita kutoka chini. "Lorna! Umerudi? Niletee bisibisi ya nyota, iko kwenye droo ya vijiko!"

Ilikuwa sauti ya mume wake wa miaka ishirini na moja, imepenya sakafu hadi kwenye nyayo zake, yenye ukwaruzo ule ule wa mwishoni, na Lorna alikuwa bado anautazama mgongo ule, shati la bluu lililolowa likiwa limegandamana na mbavu, na shingo ile ile yenye kovu la waya wa umeme, na akajua kwamba akitamka neno lolote mgongo utageuka, na kwamba hataki, hataki kabisa kuiona sura itakayogeuka nao, kwa hiyo akasimama pale na funguo mkononi akiyasikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye suruali hadi sakafuni, tone baada ya tone, mpaka yakakoma, na yalipokoma kiti kilikuwa kitupu, na mkate umebaki nusu, umeumwa, na alama za meno zimejaa maji.

Alishuka akikanyaga kingo za ngazi. Chumvi ilikuwa kidato cha tisa. Rodney alikuwa juu ya kiti, mkono umezama mpaka begani.

"Ulipanda juu sasa hivi?" Lorna alinong'ona.

"Mimi? Tangu saa tatu asubuhi niko hapa. Jiwe hili halikai."

"Toa mkono."

"Bado kidogo."

"Rodney. Toa mkono."

Aliutazama mkono wake kana kwamba ameombwa kitu cha jirani. Alipoutoa ulikuwa mweupe, umekunjamana, na Lorna alipoushika aliuachia kwa jinsi ulivyokuwa baridi.

"Maji yako yana joto la kuogeshea mtoto," alisema. "Wewe mwenyewe ulinionyesha kipimo. Mbona mkono wako ni barafu?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu lile tangi liingie ndani ya nyumba, Rodney hakuwa na jibu. Alikaa kwenye kiti. Midomo yake ilikuwa na weupe wa chumvi pembeni.

"Nikiutoa hewa inauma, Lorna," alisema polepole. "Inauma kama moto. Na kuna vitu nasahau. Leo nilisahau njia ya kupanda juu. Nilizitazama ngazi nikajiuliza ni za nini."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Lakini baba anakuja tarehe moja."

Lorna alimbembeleza apande, naye akakataa, na alipomvuta alilia kama mtoto anayetolewa kwenye beseni. Akamwachia blanketi. Usiku huo alilala kwetu.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye nyumba ya wagonjwa alikokuwa mzee Reino akijifunza kutembea upya. Alitaka kusema taratibu, lakini maneno yalimtoka yote kwa mpigo: chumvi, mkate, mgongo, mkono. Mzee alisikiliza huku akitikisa kichwa, mpaka Lorna alipofika kwenye maneno ya bibi.

"Anasema nini akiingiza mkono?"

"Wewe nchi kavu, mimi majini."

"Vizuri. Na akiutoa?"

"Akiutoa? Hasemi kitu, baba. Anapangusa tu."

Mzee Reino aliishika fremu yake ya kutembelea kwa mikono miwili. "Hayo maneno yana nusu ya pili," alisema. "Ukitoka unasema: wewe majini, mimi nchi kavu. Kila mmoja anarudi kwake. Mwanangu huyu alikuwa akitoka ziwani anakimbilia taulo, mama yangu anamfukuza nyuma akimwambia sema, sema! Hakuwahi kusema. Sasa amesema nusu mara ngapi?"

Lorna alifikiria mawe, samaki, pampu, wiki sita. "Mamia, baba."

"Basi kila mara amemtoa yule Nakki kidogo, na yeye ameingia kidogo. Wanabadilishana." Akaanza kujiinua. "Nipe koti. Na umpitie Impi Saarela."

Impi alikuwa na miaka themanini na sita, na ndiye mtu wa mwisho huku kwetu aliyejua kuumika, yaani kumchanja mtu na kumnyonya damu kwa pembe, ndani ya sauna kama wazee wa Ufini. Watu waliposema Impi anapiga chuku walimaanisha pembe, si maneno, maana mama yule alisema machache na yote yalikuwa kweli. Mengi ya ninayoyasimulia hapa nimeyapata kwake. Aliingia garini na mfuko wake wa pembe za ng'ombe, akamtazama Reino.

"Bado hujafa?"

"Nakupisha wewe, mama. Wanawake kwanza."

Lakini walipofungua mlango wa nyumba hakuna aliyetania tena. Harufu ya bahari ilikuwa jikoni. Chumvi ilikuwa kwenye kidato cha mwisho, cha kumi na mbili, nyayo mbili pamoja, vidole vikielekea ndani. Mzee Reino alikalia ngazi akashuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, akiuma meno kwa maumivu ya nyonga, na Lorna mbele yake akimshika miguu.

Rodney alikuwa amesimama mbele ya tangi, amewapa mgongo, shati la bluu limelowa, mkono majini mpaka begani. Hakugeuka. Pampu zilikuwa zinanguruma. Nyuma ya mawe, ndani ya giza la bluu, kitu kilisogea, na samaki wote wa njano walikuwa wamejibana kwenye kona moja juu.

"Rodney," mzee aliita. "Baba yako nimekuja."

"Baba," alijibu. Meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

"Subirini," Impi alinong'ona. Alikuwa ameshatoa pembe. "Kwanza nimuumike. Palepale aliposimama, bega la pili, tone moja tu. Damu haidanganyi."

"Umuumike! Humuoni anaganda?"

"Reino, Lorna amewaona wawili. Nataka kujua huyu ni yupi."

"Ni mwanangu!" Mzee alifoka, na machozi yakamshuka. "Nimemlea bila mama tangu ana miaka sita, unaniambia simjui mwanangu?"

Impi alimgeukia Lorna, na Lorna aliona kwamba uamuzi umeachwa kwake. Aliutazama mkono ule uliozama, pete ya ndoa ikimeta chini ya maji, midomo ya bluu, kovu la shingoni. Alimpenda mumewe. Hakutaka aumie hata dakika moja zaidi kwa ajili ya pembe ya ng'ombe.

"Sema, Rodney," alisema. "Toa mkono useme. Wewe majini, mimi nchi kavu."

Akautoa mkono taratibu. Akasema, kwa sauti iliyonyooka, bila kukwaruza popote, "Wewe majini, mimi nchi kavu."

Maji yaliruka mpaka darini. Taa zikazima, zikawaka, na kitu kikaanza kukipiga kioo kwa ndani, si mara mbili na kimya kama zamani, bali mfululizo, kwa nguvu, huku na huku, kama mtu aliyefungiwa ndani ya gari, mchanga ukitifuka mpaka maji yakawa uji na hakuna kilichoonekana humo isipokuwa weupe uliokuwa ukija kwenye kioo na kuondoka, ukija na kuondoka, na mzee Reino akapiga kelele, "Limerudi! Limefungwa! Mwageni maji kabla halijavunja kioo!" na Lorna, akicheka na kulia kwa pamoja, alipiga magoti chini ya tangi, akaifungua koki kubwa ya kutolea maji, akayasikia yakikimbia kwenye bomba, kwenda mtaroni, kwenda ziwani chini ya barafu, na juu ya kichwa chake kipigo kikazidi, kikalegea, kikawa kwa chini zaidi, karibu na sakafu ya tangi, karibu na sikio lake, kisha kikaacha.

Mawe yalibaki, na matope, na samaki wa njano wanarukaruka. Rodney alimwinua mkewe. Alimkumbatia. Mikono yake ilikuwa na joto.

Impi peke yake hakufurahi. Alirudisha pembe mfukoni, akasema, "Kesho ni Jumamosi. Pasheni moto sauna. Nitakuja kumuumika, kama desturi."

Jumamosi nyumba ile ilikuwa na sherehe, na mzee Reino alikataa kurudi kwenye nyumba ya wagonjwa. Rodney alikunywa vikombe vinne vya kahawa. Alipiga mluzi. Alimbeba baba yake mwenyewe mpaka kitandani, akamfunika miguu, na mzee alipomwuliza kama anasikitika kwa ajili ya samaki wake alisema hapana, ametosheka na maji. Jioni hiyo mzee Reino alikuwa kwenye simu akimweleza dada yake mambo yote, sauti imejaa majivuno, anacheka.

Lorna alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa sauna, taulo mapajani. Alisikia mawe ya moto yakimwagiwa maji. Alisikia pembe zikinyonya. Kisha Impi akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa makini. Mikononi alikuwa na bakuli.

"Tazama."

Lorna alitazama. "Hayo ni maji, bibi."

"Nimemchanja mara tisa. Ndicho kilichotoka."

"Labda jasho."

"Jasho halijazi pembe." Impi alichovya ncha ya kidole, akaonja, akatema. Kisha akakaa benchini karibu na Lorna, akaongea kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu mlango ulikuwa wa mbao tu. "Yale maneno hayana jina la mtu ndani yake, mwanangu. Ni wewe na mimi tu. Anayeyasema ndiye anayepata nchi kavu, na yule mwingine ndiye anayekwenda majini. Jana tulipofika walikuwa wameshamaliza kubadilishana. Rodney alikuwa nyuma ya mawe."

Lorna hakulia papo hapo. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, na Impi aliona anachokihesabu.

"Aligonga," alisema. "Alikuwa ananigongea, bibi. Mimi nikafungua koki."

"Hukujua."

"Niliyasikia maji yakienda. Nilicheka."

Impi alimshika mkono. Alitaka kusema kuna njia, kuna mtu mahali fulani, kuna dua. Lakini alikuwa mwanamke wa kweli. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, naye akaanza kulia, mzee yule wa miaka themanini na sita, kimya kimya, bakuli likitikisika mapajani pake.

Ndani ya sauna mtu alisimama. Mbao zikalia. Kutoka chumba cha pili kilisikika kicheko cha mzee Reino: "Ndiyo, ndiyo, mzima kabisa! Mwanangu amerudi! Amenibeba kama mtoto mchanga!"

"Lorna, mke wangu," sauti iliita nyuma ya mlango, sauti laini, isiyo na ukwaruzo. "Niletee taulo."

Lorna alifuta uso wake kwa lile taulo, akalikunja upya, akasimama.

"Usimwambie baba," alimnong'oneza Impi, akafungua mlango.